Usukani wa umeme kwenye motoka ya spoti ya zamani: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Haya ni kwa wenye Mazda RX-8, Honda S2000, BMW Z4 za kwanza na nyingine za ukoo huo zinazotembea Lubumbashi, Likasi hadi Kolwezi, kusini mwa Kongo. Hadithi huwa ile ile: usukani umekuwa mgumu, taa imewaka kwenye dashibodi, mekanisie ametingisha gurudumu mara mbili na kusema kremayeri (ile fimbo ya meno inayosukuma magurudumu ya mbele kukata kona) imekufa. Halafu mwenye motoka anaanza kutafuta kremayeri kutoka Dar es Salaam au Durban. Sisi tunashikilia kwamba kremayeri ni kitu cha mwisho kununua. Usukani wa umeme unakula ampea nyingi kwa ghafla kuliko karibu kila kitu kingine kwenye motoka, ukiacha stata, kwa hiyo umeme ukiyumba popote, wenyewe ndio unaolalamika kwanza.

Nitajuaje kama usukani wangu ni wa umeme kweli?

Fungua boneti. Ukiona kikopo cha mafuta ya usukani na pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, huo ni wa mafuta, na mengi ya hapa chini hayakuhusu. Ukikosa vyote viwili, ni wa umeme.

Kuna jamii ya tatu inayowachanganya hata mafundi: pampu ya mafuta inayozungushwa na mota ya umeme. Toyota MR2 ya pili (ile ya SW20) na MR-S zina mfumo huo, kwa sababu injini iko nyuma ya kiti na kremayeri iko mbele. Hizo zina mafuta na zina umeme, na zinaweza kuugua kwa upande wowote. Angalia kiwango cha mafuta kwanza, ndipo ushike maltimita (kipima umeme).

Usifuate jina la motoka peke yake. Mazda MX-5 za vizazi vitatu vya kwanza ni za mafuta. Ya umeme ni ya kizazi cha nne, iliyotoka 2015. Z4 ya kwanza, E85, ni ya umeme, lakini ndugu yake Z4 M ni ya mafuta. Honda NSX ya 1990 ilikuwa na usukani wa umeme kwenye ile ya gia otomatiki tu. Na teknolojia yenyewe haikuzaliwa kwenye motoka ya spoti: Suzuki Cervo, kimotoka kidogo cha mjini huko Japani, kiliipata mwaka 1988.

Huo msaada wa umeme unafanyaje kazi?

Kati ya usukani na kremayeri kuna fimbo nyembamba ya chuma inayokubali kujisokota kidogo unapokata kona. Sensa inapima msokoto huo, yaani nguvu ya mkono wako. Kompyuta ya usukani inachukua habari hiyo, inaangalia kasi ya motoka na kama injini inazunguka, kisha inapeleka umeme kwenye mota. Motoka ikitambaa, msaada ni mwingi. Ikikimbia kwenye barabara ya Likasi, msaada unapunguzwa ili usukani usiwe mwepesi kupita kiasi.

Angalia mota iko wapi, maana mahali pake panaeleza magonjwa yake. Kwenye RX-8 na S2000 imeshikana na kremayeri, chini, pamoja na maji, tope na joto la injini. Kwenye Z4 iko juu, kwenye mhimili wa usukani, ndani ya kabini: haijui tope, lakini ina ugonjwa wake ambao tutaufikia.

Taa imewaka na usukani umekuwa mgumu ghafla. Niendelee kuendesha?

Magurudumu bado yameshikana na usukani kwa chuma, kwa hiyo motoka itakata kona. Itataka mabega tu. Ukiwa kwenye mwendo hutasikia tofauti kubwa. Shida itakuja kwenye rond-point na kwenye kupaki. Punguza mwendo, shika kwa mikono miwili, fika nyumbani au garaji.

Ila kama msaada unakuja na kukatika katikati ya kona, simama. Usukani mgumu muda wote unauzoea, lakini ule unaobadilika mkononi ndio unaokupeleka mtaroni.

Fundi, nianzie wapi?

Kwenye batri, hata kama stata inapiga vizuri. Pima asubuhi kabla ya kuwasha: volti 12.6 ni batri iliyojaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 hiyo haina kitu. Washa injini, upime tena palepale kwenye batri: 13.8 hadi 14.4 ndiyo afya. Sasa mwambie mtu azungushe usukani motoka ikiwa imesimama, injini ikizunguka polepole, huku wewe unatazama namba. Itashuka kidogo na kurudi. Ikianguka chini ya 12 na kubaki huko, tafuta alternata (inayochaji batri) au mkanda wake uliolegea. Usukani hauna kosa.

Wenye RX-8 wana njia yao wenyewe ya kuua batri. Injini ile ya rota haipendi kuwashwa, kusogezwa mita chache na kuzimwa ikiwa bado ya baridi. Petroli inalowanisha plagi na siku ya pili haiwaki. Mwenyewe anapiga stata mpaka mkono unachoka. Injini inashika hatimaye, batri imebaki nusu, na baada ya dakika chache taa ya usukani inawaka. Hapo anatuletea "kremayeri mbovu". Wengi tunawarudisha nyumbani na chaja tu.

Batri ni mpya na alternata ni nzima. Kwa nini taa bado inawaka?

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi zaidi, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea bure. Umeme unaokwenda kwenye mota lazima urudi kwenye batri kupitia masi, yaani nyaya zilizofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Motoka yenye miaka karibu ishirini, iliyopigwa rangi upya na kufunguliwa na watu wengi, ina masi zenye kutu, zenye rangi chini ya skurubu, au zilizoachwa bila kurudishwa.

Usipime masi kwa kuweka maltimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Itakuambia "sifuri" na itakudanganya, kwa sababu inapitisha umeme mdogo sana. Fanya hesabu: ampea 50 zikipita kwenye ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, unapoteza nusu volti. Ukinzani mdogo hivyo maltimita ya kawaida haiuoni, lakini kompyuta ya usukani inauona.

Pima hivi. Weka maltimita kwenye volti za umeme wa batri (DC). Ncha nyeusi iguse nguzo ya batri yenyewe, ile risasi ya kutoa (−), si kibanio chake. Ncha nyekundu iguse waya wa masi pale unapoingia kwenye kompyuta ya usukani. Injini iwake. Msaidizi azungushe usukani taratibu, motoka ikiwa imesimama. Ukisoma 0.1 au 0.2, masi ni nzuri. Ukisoma nusu volti au zaidi, umeipata. Sogeza ncha nyekundu hatua kwa hatua ukirudi kuelekea batri: kwenye skurubu, kwenye bodi, kwenye waya mnene, kwenye kibanio. Pale namba inapoanguka ghafla, ubovu uko kati ya hapo na mahali ulipogusa kabla.

Kisha ufanye vilevile upande wa kujumlisha, kutoka nguzo ya kujumlisha (+) ya batri hadi waya mnene unaoingia kwenye kompyuta. Njiani kuna fyuzi kubwa, mara nyingi ya kati ya ampea 50 na 80. Kuitazama kwa jicho haitoshi: tunaziona fyuzi ambazo hazijaungua lakini miguu yake imekuwa ya kahawia kwa joto kwa sababu skurubu yake ililegea.

Kulikuwa na RX-8 moja nyekundu iliyokuja kutoka mtaa wa Golf ikiwa imeshabadilishiwa kremayeri mara mbili kwingine. Skurubu ya masi ilikuwa imefungwa juu ya rangi mpya, rangi nzuri kabisa ya kung'aa. Tulikwangua duara la ukubwa wa sarafu mpaka chuma kikawa cheupe, tukafunga, tukapaka grisi juu. Mwenyewe alituomba tumtafutie mnunuzi wa kremayeri zilizobaki.

Mnasema kila mara "angalia fishi". Fishi zipi?

Vile vichwa vya plastiki vinavyounganisha nyaya na kompyuta, mota na sensa. Kwenye RX-8 zinajulikana kwa kusumbua kila mahali duniani, na Lubumbashi inazidisha: kiangazi vumbi jekundu linaingia kila upenyo, kisha mvua za Novemba hadi mwanzoni mwa Aprili zinaligeuza uji.

Fungua kwanza kibanio cha batri cha upande wa kutoa (−). Vuta fishi kwa kubonyeza kufuli lake, si kwa kuvuta nyaya. Tazama ndani na taa ya simu: vidole vya shaba viwe na rangi moja. Unga wa kijani ni kutu ya shaba. Alama nyeusi ni joto. Ukiona vumbi jekundu ndani ya fishi, jua mpira wake wa kuzuia maji umekufa au mtu aliurudisha vibaya. Safisha na dawa ya kupuliza ya kusafishia kontakti na brashi laini, acha ikauke, paka grisi ya silikoni kwenye mpira, rudisha mpaka usikie "tak". Petroli haisafishi fishi, inakula mpira.

Sensa ya msokoto inafanya kazi kwa volti ndogo sana, kwa hiyo kutu kidogo kwenye fishi lake inatosha kuifanya kompyuta iamini kwamba sensa imekufa. Jaribio rahisi: injini ikiwaka, motoka imesimama, tingisha fishi hiyo na nyaya zake kwa upole huku mwenzako ameshika usukani. Msaada ukikatika au kurudi kwa kutingisha, kremayeri yako ni nzima.

Usukani unakuwa mgumu nikipaki, kisha baada ya muda unarudi wenyewe. Taa haiwaki.

Joto. Ukizungusha usukani mpaka mwisho na kuushikilia pale, mara nyingi, mota na kompyuta vinapata moto na msaada unapunguzwa kwa makusudi. Ikipoa, unarudi. Kwenye motoka nyingi taa haiwaki, maana hakuna kosa.

Ikitokea kwenye kupaki kwa kawaida, kuna kitu kinachoifanya mota ivute kuliko inavyopaswa. Soma jibu linalofuata.

Usukani ni mgumu siku zote, taa haijawahi kuwaka.

Sasa weka maltimita chini na uwe mekanisie. Presha ya matairi kwanza. Tairi pana lenye upepo mdogo linatosha kukupa "ugonjwa". Kisha inua mbele kwa kriki na uweke vyuma vya kusimamishia (usiingie chini ya motoka iliyobebwa na kriki peke yake, hata kwa dakika moja). Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Uwe na uzito ule ule njia nzima. Ukikaza na kulegea, kukaza na kulegea kila nusu mzunguko, shika shaka na kiungo cha msalaba kwenye mhimili. Ukikaza njia nzima, fungua rotili (viungo vya mpira wa chuma) za pembeni za kremayeri na uzungushe tena: ukiwa mwepesi sasa, ubovu uko kwenye rotili za chini au vichwa vya juu vya amortisere (shokabzoba), ukibaki mzito, hapo ndipo kremayeri inaanza kushukiwa kwa haki.

Na kama unalalamikia mchezo, yaani usukani unazunguka kidogo kabla gurudumu halijajibu, hilo ni la rotili, mipira na viungo. Umeme hauleti mchezo.

Z4 yangu inakwama katikati nikiwa kwenye barabara ndefu.

Huo ndio ugonjwa wa E85 tuliousubiri. Baada ya kutembea muda kwenye joto, usukani unanata pale katikati; unausukuma kidogo haukubali, kisha unaruka kuliko ulivyotaka. Unakuwa unarekebisha mstari kila wakati. Chanzo kiko kwenye mhimili wenye mota, kwenye meno ya ndani yanayobana yakipata joto. Kunyoosha magurudumu (paralelizimu) hakutaondoa. Watu hubadilisha mhimili mzima. Wengine hufungua na kutia grisi mpya kwenye meno, ikapungua kwa muda. Ukienda kununua Z4, ijaribu saa nane mchana, kwa muda mrefu. Saa kumi na mbili asubuhi haitakuonyesha kitu.

Usukani unavuta upande mmoja wenyewe, hata motoka ikiwa imesimama.

Zima, usitembee nayo. Inua mbele, washa injini, achia mikono. Usukani ukianza kuzunguka wenyewe, sensa ya msokoto imepoteza katikati yake au imekufa: inaiambia kompyuta kwamba kuna mkono unaosukuma. Toa fyuzi ya usukani mpaka irekebishwe. Kama unavuta ukiwa kwenye mwendo tu, na umetulia motoka ikisimama, hilo ni la matairi, breki inayoshika au paralelizimu.

Kifaa changu cha kusoma makosa hakioni chochote, lakini taa imewaka.

Vile vidude vya bei nafuu vya kuunganisha na simu vinasoma makosa ya injini, yanayoanza na herufi P. Ya usukani huanza na C, na ya mawasiliano kati ya kompyuta huanza na U. Unahitaji skana inayoweza kuongea na kompyuta ya usukani yenyewe. Tena, motoka iliyouzwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikulazimika kufuata kiwango cha kusoma makosa (OBD-II) ambacho Marekani iliweka kuanzia modeli za 1996, kwa hiyo soketi inaweza kuingia vizuri na kifaa kisisikie kitu.

Kwenye Honda za zamani kuna njia bila skana: soketi ya huduma ikiunganishwa kama kitabu cha motoka kinavyosema, taa ya usukani inapepesa, mpepeso mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Usiunganishe kwa kubahatisha.

Taa ya usukani na ya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki) zimewaka pamoja.

Tafuta kasi. Kompyuta ya usukani inataka kujua motoka inakwenda mbio kiasi gani, na habari hiyo mara nyingi inatoka kwenye sensa za magurudumu. Je, ulibadilisha beringi karibuni? Waya wa sensa umekatika kwenye upinde wa gurudumu? Tengeneza ABS kwanza.

Nilipeleka motoka kuchomelewa bodi, ikarudi na taa. Bahati mbaya?

La. Kuchomelea kwa umeme batri ikiwa imefungwa kunaweza kuua kompyuta. Fungua vibanio vyote viwili vya batri, na mchomeleaji aweke masi yake karibu kabisa na anapochomelea. Vilevile lavaji: ile mashine ya maji ya nguvu chini ya boneti ni adui wa fishi zote tulizozitaja. Motoka iliyooshwa injini jumamosi na kuja kwetu jumatatu, tunaanza na kipulizia hewa.

Motoka ilikuja na usukani wa kulia, ikahamishiwa kushoto. Hiyo ina tofauti?

Kubwa sana. Kremayeri ya kulia haigeuzwi kuwa ya kushoto, kwa hiyo aliyeifanya alitafuta nyingine, au alichanganya. Tunakuta nyaya za usukani zilizorefushwa kwa waya mwembamba uliosokotwa na kufungwa skochi, waya wa taa ukibeba mzigo wa ampea 50. Pima upotevu wa volti kama tulivyoeleza, na mara nyingi jibu litatoka ndani ya robo saa. Na kagua kwa macho viungo vya mhimili na skurubu zake kabla ya kuuliza habari ya taa. Kama kuna chuma kilichochomelewa kwenye mhimili wa usukani, motoka hiyo isitoke garaji.

Basi, nimepima vyote, kremayeri ndiyo mbovu. Ninunue ya mtumba?

Unaweza, za mtumba ndizo nyingi zinazopatikana. Hakikisha ni ya upande wako, ya mwaka unaokaribia, namba ya kipande inalingana, na fishi zake hazijakatwa; muuzaji aliyekata nyaya kwa mkasi amekuuzia nusu ya kitu. Zungusha kwa mkono: iwe laini njia nzima. Vuta mipira ya pembeni uone kama kuna maji au kutu ndani. Kama inakuja na kompyuta yake, chukua zote mbili.

Ukiifunga, kwenye motoka kama S2000 kompyuta lazima ifundishwe upya katikati ya sensa ya msokoto, magurudumu yakiwa yamenyooka na mikono ikiwa mbali na usukani. Fundi asiyejua hatua hiyo atakurudishia motoka inayovuta upande, na atasema ni paralelizimu. Muulize kabla hajafungua skurubu ya kwanza.

Naweza kutoa fyuzi na kutembea bila msaada kabisa?

Kwa muda, ndiyo, na motoka nyepesi kama S2000 inavumilika ukishakuwa kwenye mwendo. Lakini kremayeri yenye mota inabaki inaburuta mota iliyolala, kwa hiyo ni nzito kuliko motoka iliyotengenezwa bila msaada. Kwenye msongamano wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, foleni ya malori ikisogea hatua kwa hatua, utajuta kabla ya kufika kwenye kizuizi. Na usimkabidhi mtu mwingine funguo bila kumwambia.